Bawa Lililoliwa na Ng'ombe

Ng'ombe ndiye aliyekula bawa la kushoto. Nasema mapema, msije mkanisingizia mimi Clem, mshonaji wa kiwanda cha ndege cha Pascoe na Dada.

Kiwanda ni neno kubwa. Lilikuwa banda la kushonea matanga huko Kent, hadi Lambert Pascoe na dada yake Hester walipoamua, mwaka 1910, kushona mabawa. Kitambaa tulikipaka uji wa wanga ili kikikauka kikaze kama ngoma. Kwa ng'ombe, huo ni mlo.

Na Lambert aliacha mlango wazi, usiku wa kuamkia siku ambayo kapteni wa jeshi angekuja kuiona ndege ikiruka. Isingeruka, jeshi lingenunua kwa Wafaransa, na sisi tungerudi kwenye matanga.

"Basi tena," Lambert alisema, akitazama mbao tupu za bawa. "Kitambaa chepesi kimekwisha."

"Lile tanga kuukuu lipo," Hester alijibu.

"Ni zito, dada. Ndege haitanyanyuka."

"Kwani wewe u mwepesi?"

Nikakohoa. Lambert, rubani wetu, ni mtu wa mayai na nyama ya nguruwe kila asubuhi, na inaonekana.

"Clem, cheka huku unashona," Hester akasema. "Leo narusha mimi."

"Wewe umeruka vijiruko tu!" Lambert akamaka.

"Basi leo nitavirefusha."

Tulishona mpaka vidole vikavimba. Kapteni alipofika, Hester alimkabidhi ncha ya tanga iliyobaki kukazwa bawani. "Shika hapo, bwana. Vuta." Akavuta. Kisha Hester akavaa suruali ya kaka yake, akaifunga kwa kamba, akapanda.

"Mwanamke?" kapteni aliniuliza.

"Ni nusu ya uzito wa kaka yake," nikamwambia. "Tena anafunga milango."

Ndege ikakimbia, ikiinamia kushoto kwenye tanga. Hester akajilaza kulia hadi nikadhani anamwagika. Magurudumu yakaachana na nyasi. Akapita juu ya mtaro, juu ya ng'ombe aliyekuwa bado anatafuna, akageukia upande pekee uliowezekana, kushoto, akarudi kutua.

Kapteni akaagiza ndege mbili, kwa sharti kwamba Hester awafundishe vijana wake.

Hester aliposhuka alimwendea kaka yake moja kwa moja. Alimpa nyundo na komeo la mlango.