Kasuku wa Les

Barry alikuwa juu ya paa akitengeneza antena tangu asubuhi, na matunda ya kazi yake yalionekana: zamani picha ya televisheni ilikuwa ikikatika vipande vipande, sasa haikuwapo kabisa.

Noreen alisimama mlangoni, jicho moja kwenye televisheni, jingine kwa shemeji yake. Fainali ya mpira wa Australia, ule wa robo nne unaomalizwa kwa king'ora, ilikuwa alasiri hiyo. Timu ya marehemu mumewe, Les, haikuwa imefika fainali tangu mwaka waliooana. Mwezi Mei, hospitalini, Noreen alimwahidi kwamba ikifika ataitazama mpaka king'ora cha mwisho. Skafu ya Les ilikuwa tayari kwenye kiti chake.

“Sasa je?” Barry aliita.

“Buluu tupu, shemeji. Nikitaka kutazama anga si nitatoka nje?”

Barry alishalaumu mawingu, ambayo hayakuwapo. Akalaumu mkaratusi wa jirani, kisha serikali.

“Antena za mtaa mzima zinatazama mnara kule mlimani,” Noreen alisema. “Yako inatazama baa.”

“Mimi nilikuwa fundi umeme kabla hujaolewa!”

“Ulikuwa unauza balbu, Barry.”

Kwa hasira akaigeuza antena kuelekea mlimani. Picha ikabaki ileile: hakuna.

“Basi fuata waya,” Noreen akasema.

Barry akaufuata. Kisha sauti ya unyonge: “Noreen, kuna kasuku huku. Ananikodolea macho kama mwenye nyumba.”

“Anafanya nini?”

“Anakula waya. Ameutafuna mpaka shaba inaonekana. Wenzake wako kwenye mfereji wa maji ya mvua, nadhani wanangoja zamu.”

Kila alasiri, kwa miaka, Les alimwaga mbegu za alizeti kwenye ukingo wa baraza, na kasuku wale weupe wenye vishungi vya manjano wakaja kwa makelele kama wageni wa arusi. Noreen alimkanya: ndege wa porini hafugwi kwa mkono, ukiacha kumlisha atakula nyumba. Les alicheka tu. Baada ya mazishi Noreen hakuweza hata kulifungua lile kopo la mbegu. Kumbe walingoja, wakachoka, wakaanza na waya.

“Funga waya mpya,” akasema. “Hao niachie mimi.”

Akalitoa kopo kabatini, akamwaga. Wakashuka wote, na Barry akapata nafasi ya kufanya kazi, jambo lililomshangaza hata yeye mwenyewe.

Picha ilirudi robo ya mwisho ikianza. Ilikuwa safi ajabu, safi kiasi cha kuonyesha wazi timu ya Les ikichapwa kama mtoto mtukutu.

“Pole, shemeji. Nizime?”

“Thubutu!” Noreen alisema, akikaa karibu na ile skafu. “Les hakuwahi kuondoka kabla ya king'ora.”

Nje, kasuku walikuwa wakigombania mbegu. Akawaacha wapige kelele.