Kilima cha Kobe

Mlango mzito wa chuma ulijifunga, taa nyekundu ikawaka, na miale ya eksirei ikaanza kuipiga fuwele ndogo kuliko punje ya mchele. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, peke yangu mbele ya skrini. Viti vingine viwili vilikuwa vitupu.

Fuwele ile aliikuza Kobe. Jina hilo tulimpa kule maabara kwa sababu hakuwa na papara. Tanuri lake lilipoa polepole mpaka sisi wengine tukachoka kusubiri. Fuwele ile ilikuwa oksaidi ya shaba, na ndani yake kila chembe ya shaba ni sumaku ndogo: huyu kaelekea juu, jirani yake chini, safu kwa safu. Ukiigusa moja, mtikisiko unasafiri kama wimbi. Kobe aliichanganya na madini mengine kwa makusudi, safu zikavurugika.

"Safu zikivunjika, mawimbi yamekufa," mkuu wetu alisema kikaoni.

"Safu zikivunjika, jirani bado anamjua jirani," Kobe akajibu.

Watu walicheka. Mwaka uliofuata mkataba wake haukuongezwa, naye akaenda kuuza rangi za nyumba katika duka la shemeji yake. Mimi nikabaki, nikiomba nafasi kwenye mtambo wa eksirei, nikinyimwa, nikiomba tena.

Asubuhi ile mstari wa grafu ulijichora taratibu kwenye skrini. Miale iliyorudi ilikuwa imepungukiwa nishati kidogo, na pale ilipopungukiwa pakainuka kilima. Nikabadilisha pembe, kilima kikasogea, kama wimbi linavyopaswa: mawimbi hayakuwa yamekufa. Niligeuka kumwambia mtu. Hapakuwa na mtu.

Nikampigia simu.

"Kobe, kipo."

"Kipo nini?"

"Kilima chako."

Nyuma yake mtu aliuliza bei ya rangi nyeupe.

"Chembamba au kipana?" Kobe akauliza.

"Kipana."

"Lazima kiwe kipana. Hayaendi mbali, yale mawimbi." Sauti yake ilishuka. "Mkuu kaona?"

"Nimekupigia wewe kwanza."

"Asante, dada yangu." Kisha, akigeukia pembeni: "Hiyo ya mafuta haifai, mzee. Ukuta wenye unyevu utaibandua." Akanirudia. "Acha nimhudumie huyu."

"Utarudi? Nitasema na mkuu."

"Nimeshazoea huku," alisema kwa upole, kama mtu anayemfungia mwenzake mlango bila kutaka kumwumiza.

Makala ya utafiti ule ilipotoka, jina lake lilitangulia langu. Hilo nililipigania mpaka mkuu akachoka. Watu huniuliza siku ile ilikuwaje, nami huwaeleza habari za pembe na nishati.

Siwaelezi kwamba mchana ule nilikwenda kantini, nikakaa na sahani yangu, na kijana mmoja akaja akashika kiti cha mbele yangu.

"Kuna mtu hapa?"

"Hapana," nikasema.

Akakibeba, akaenda nacho kwenye meza ya wenzake.