Uzi Wenye Mafundo Mawili

Chumba kizima cha ushonaji kilijua Bwana Saa hapendwi, na bado kila mwaka alichaguliwa msimamizi. Mafundi walikuwa ishirini na mmoja: tisa wake, na kumi na wawili waliobaki wakijigawa kati ya wagombea wengine wawili, mkataji vitambaa na dada mkubwa wa Bi Vifungo, mshona vifungo. Mwaka huu Bwana Saa alitangaza kuwa akishinda, meza ya vifungo itang'olewa, iletwe mashine. Bi Vifungo, ambaye mguu wake mbovu haukuweza kukanyaga cherehani, hakuwa na meza nyingine ya kukimbilia.

"Dada, nakuomba, mwachie mkataji."

"Nimwachie aliyeharibu gauni langu la harusi? Aniachie yeye!"

Mkataji naye alijibu vivyo hivyo, ila kwa kelele zaidi.

Basi Bi Vifungo akabuni njia. Kila fundi atunge vifungo vitatu kwenye uzi, kila mgombea na rangi yake, apige fundo upande mmoja. Kifungo cha upande wa wazi ni chaguo la kwanza, kinachofuata la pili. Mgombea wa mkiani akitolewa, kifungo chake kinachomolewa, kura inahamia kwa anayefuata. Bwana Saa alicheka, akakubali. Kura zake tisa zilikuwa palepale, na wale wawili wasingepeana hata moja.

Siku ya kura nyuzi zikatandazwa. Bwana Saa tisa, mkataji saba, dada nne. Uzi mmoja ulikuwa na mafundo pande zote mbili.

Bi Vifungo akauinua. Ulikuwa wake. Miaka ishirini ya kufunga uzi huku na huku. Mkono ulifanya kazi bila kumuuliza.

"Kura ya mvumbuzi imeharibika, haijulikani inaanzia wapi!" Bwana Saa akashangilia. "Haya mama, iage meza."

Zikabaki ishirini, na wakilingana, msimamizi wa zamani anaendelea. Vifungo vyeupe vya dada vikaanza kuchomolewa. Chini yake chekundu cha mkataji. Chekundu. Chekundu. Kumi kwa tisa.

Ukabaki uzi wa dada mwenyewe. Fundo lake nene linajulikana. Bi Vifungo akafumba macho. Dada akachomoa polepole, kama anayejing'oa jino.

Chekundu.

"Wewe? Umeniweka mimi?" mkataji akakodoa macho.

"Usivimbe kichwa. Wewe sikupendi. Ila huyu Bwana Saa namchukia zaidi, na uzi umenipa nafasi ya kusema yote mawili."

Bi Vifungo akarudi kwenye meza yake iliyosalimika akichechemea, akalia, akacheka, kisha akachukua mkasi na kukata fundo moja la uzi ambao hakuna aliyeuhesabu.