Tumbo Lililopigiwa Vigelegele

Nyumba ya wakwe zangu kule Mbuya ilikuwa na choo kimoja tu, na njia ya kwenda huko ilipita mbele ya baraza. Barazani alishinda baba mkwe, Mzee Taban, na wanajeshi wastaafu wenzake, wakicheza karata mchana na usiku. Siku ya kwanza mama mkwe, Mama Kulusum, alinionya, "Bibi arusi wa nyumba hii hapiti mbele ya wanaume akienda chooni. Subiri waende kuswali."

Nikawa nasubiri. Lakini hawakwenda wote. Kila mara mmoja alibaki kulinda karata zisiibiwe.

Mume wangu Nasur, dereva wa lori, aliondoka kwenda Juba hata wiki ya arusi haijaisha. Nililala chumba kimoja na wifi yangu Rashidah, kwa hiyo hata upepo wa tumbo niliuzuia. Rashidah hajui kunyamaza.

Tumbo likajaa, likawa gumu kama ngoma. Nikiinama kupika kisra, ile mikate yetu myembamba, nilihisi kama mtu ananisokota matumbo kwa ndani. Nilimeza mate, nikaendelea kupika.

Asubuhi moja Mama Kulusum alinikuta nafunga kitenge. Akalishika tumbo kwa mikono miwili, akapiga vigelegele.

"Nasur hakupoteza muda! Rashidah, njoo uone mtoto wa kaka yako!"

Nilitaka kusema siyo. Ningesemaje? Ningeanza na neno gani mbele ya mama mkwe? Kufika jioni, mtaa mzima ulikuwa umeshajua. Wakaniletea maharage, mayai, maziwa ya moto. "Kula, mwanangu, mko wawili." Nilikula huku nalia, wakasema ndiyo mimba yenyewe hiyo. Hedhi ilipokuja nikafua vitambaa nyuma ya nyumba kwa siri.

Halafu nikaanguka jikoni, jasho linanitoka, siwezi kunyooka. Mama Kulusum akamwogopea mjukuu wake, akanipakia bodaboda mpaka kliniki moja ndogo Luzira. Daktari alikuwa Mkongo, anaitwa Bienfait. Alimwambia mama mkwe asubiri nje, akanipima, akanibonyeza tumbo.

"Dada, huna mimba. Choo kikubwa ulienda lini?"

Nikaangalia sakafu. "Sikumbuki."

"Hakuna ugonjwa mwingine hapa. Umefunga choo, na tumbo limejaa gesi. Kunywa maji, kula papai. Ukisikia haja nenda, hata kama mlangoni amekaa jenerali."

Nesi akanipa dawa ya kuingiza kwa chini, akanionyesha choo chao. Nilikaa humo muda mrefu. Nilipotoka nilikuwa mwepesi, maumivu yameisha kabisa. Nilikuwa nimesahau kwamba mwili unaweza kutulia hivyo. Nilisimama kwenye korido nikapumua mpaka chini, nikatabasamu peke yangu.

Mama Kulusum aliniona natabasamu. Akaangalia tumbo langu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Hakuna mtoto, Mama."

Akanizaba kofi. Hakumwuliza daktari lolote. Njia nzima alikuwa kwenye simu na Nasur, na tulipofika nyumbani akanisimamisha barazani, mbele ya wanaume.

"Huyu ametoa mimba ya Nasur. Nasur yuko hewani, anasubiri. Ikiwa ni kweli, anampa talaka sasa hivi."

"Mimi niliona vitambaa vya damu," Rashidah akasema.

Nilimwangalia Mzee Taban, ambaye sikuwahi kumwangalia usoni.

"Sikuwa na mimba, Baba. Nilifunga choo."

"Ati nini?" akauliza Mzee Muhamadi, mcheza karata mwenye masikio mazito. "Sema kwa nguvu, binti!"

"Yalikuwa mavi!" nikapiga kelele. "Niliogopa kupita mbele yenu!"

Kisha Muhamadi akapasuka kwa kicheko.

"Kulusum! Kumbe ulipigia mavi vigelegele! Mlimpa jina?"

Wakacheka wote. Mzee Taban alicheka mpaka akafuta machozi. Hata Rashidah aliuma ukingo wa mtandio wake. Mimi pia nikaanza kucheka kidogo, kwa sababu niliona yamekwisha.

Mama Kulusum hakucheka. Alikuwa amefunika simu kwa kiganja. Aliwatazama mmoja mmoja, akanitazama mimi, kisha akaipeleka simu mdomoni.

"Ni kweli, mwanangu. Ameitoa. Hata yeye mwenyewe amekiri mbele ya baba yako."

Kisha akabonyeza spika, na sauti ya Nasur ikatamka talaka, wote tukasikia.

Nikamgeukia Mzee Taban. Kicheko kilikuwa bado hakijamtoka vizuri usoni. Alimwangalia mkewe, akaangalia chini, akaokota karata zake.

"Zamu ya nani?" akauliza.

"Yangu," akasema Muhamadi.