Kamati ya Miguu ya Ng'washi

Mbuzi wa pili alipochinjwa, Ng'washi alikuwa ameshajua kwamba kamati haina safari.

Yeye aliomba kitu kimoja tu. Alitaka kutembea kwa miguu kutoka Kaniha hadi Kishapu, kwa njia ileile waliyokuja nayo ujanani wakiswaga ng'ombe, yeye, mumewe Matiasi na shemeji yake Faustini. Njiani, porini, upande wa huku wa Kahama, walimzika mtoto wake wa kwanza, msichana ambaye hata jino alikuwa hajaota. Ng'washi hakuona akizikwa. Homa iliyomuua mtoto ilikuwa imemlaza na mama juu ya mkokoteni, hajui mchana wala usiku. Matiasi alibaki kuzuia ng'ombe, na Faustini ndiye aliyekwenda kuchimba. Sasa Matiasi naye ni marehemu. Duniani amebaki mtu mmoja anayelijua kaburi lile, na kwa bahati mbaya mtu huyo ni Faustini.

Watu walimwambia basi lingemfikisha Kahama upesi. Aliwajibu kwamba kaburi si stendi, kondakta hawezi kumwitia.

Faustini alipoelezwa alikohoa, akavuta kiti, akasema jambo zito kama hili haliendi kiholela. Lazima iundwe kamati.

Ndivyo walivyo watu wa huku siku hizi. Mtu akioa, kamati. Akifa, kamati. Iko siku mtu atataka kupiga chafya, na wenzake watamwomba asubiri akidi itimie.

Faustini akajiteua mwenyekiti. Happyness, binti wa mwisho wa Ng'washi, akawa katibu, akafungua grupu la WhatsApp ambamo watu wasioweza kwenda kisimani bila bodaboda walimtumia mama yake vikaragosi vya misuli na mikono ya sala. Vikao vilikuwa kila Jumapili baada ya ibada, uani kwa Ng'washi, na mpishi alikuwa Ng'washi, mbuzi wakitoka zizini kwake. Kikao cha kwanza kilijadili rangi ya fulana. Cha pili kilirudia rangi ya fulana, maana wanakwaya hawakuridhika. Cha tatu kilimtafuta mgeni rasmi, kwa sababu inaonekana miguu ya mwanamke mzee haiwezi kunyanyuka mpaka mheshimiwa akate utepe.

Mwenyekiti mwenyewe alifanya mazoezi. Alinunua mabuti mnadani, akavaa filimbi shingoni, akawa anauzunguka uwanja wa mpira jioni jioni huku akijipigia filimbi mwenyewe, kisha anakaa chini na kuomba maji. Ng'washi alipita na mzigo wake wa kuni kichwani, akamtazama, akacheka kwa pua. Mzee mzima, anajiamuru na anajitii! Tangu utoto debe tupu haliachi kutika.

Lakini alimvumilia. Angefanyaje? Kaburi lilikuwa ndani ya kichwa kile.

Fulana zilipofika, zilikuwa na picha ya Matiasi na maandishi makubwa: MATEMBEZI YA KUMUENZI MZEE WETU. Ng'washi aliigeuza yake mbele na nyuma. Mtoto hakuwemo popote.

"Mama, huyo alikuwa kichanga," Happyness alisema. "Watu hawamjui. Mzee anajulikana."

 Ng'washi aliumia, akaikunja fulana, akaenda kuifanya tambara la kushikia sufuria.

Uzinduzi uliahirishwa, ukaahirishwa tena, mheshimiwa yuko ziarani. Hatimaye siku ikafika. Turubai lilifungwa, pilau ikapikwa, viti vikafunikwa vitambaa vyeupe. Mheshimiwa hakuja, alituma mwakilishi, na mwakilishi akatuma salamu kwamba amekwama mahali. Mshereheshaji aliomba itifaki izingatiwe. Ng'washi, aliyekuwa amekalishwa meza kuu kama bibi harusi, aliangalia jua likipanda, akainuka. Walidhani anakwenda msalani.

Alichukua mzigo wake nyuma ya nyumba: blanketi, unga, na katambuga za Matiasi, zile za tairi, ambazo alikusudia kuziacha kaburini ili baba naye awe amefika kwa mwanawe. Akashika njia. Alijua Faustini atamfuata. Mwenyekiti gani atazindua matembezi ambayo mtembeaji hayupo?

Alikuwa hajafika hata Lusahunga, kituo cha kwanza, malori ya mpakani Rusumo ndiyo kwanza yanaanza kumpita, pikipiki ilipomshusha Faustini mbele yake, ndani ya fulana ya kamati, na filimbi yake shingoni. Dereva akageuza, akaondoka.

"Shemeji, unanidhalilisha mbele za watu."

"Vizuri, umefika. Twende."

"Mwakilishi yuko njiani. Rudi tu akuage kwa heshima, halafu..."

"Faustini, nionyeshe mtoto wangu. Ukishanionyesha, panda gari, rudi kwenye pilau yako."

Faustini alikaa kwenye ukingo wa barabara. 

"Silijui, shemeji."

"Hulijui nini?"

"Kaburi. Nimelisahau. Palikuwa na mwamba na mti wa mninga, nikasema sitapasahau. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikifumba macho napaona. Siku hizi nikifumba naona miamba mingi. Uliposema tutembee, niliogopa. Nikaona heri kamati, mambo yasogee, yasogee, pengine utachoka."

"Au nitakufa."

Faustini aliivua filimbi, akaitia mfukoni.

"Na mbuzi wangu ukala."

"Nilikula."

Ng'washi alikuwa amemwekea mzee huyu matusi ya kutosha msafara mzima wa ng'ombe. Sasa aliyatafuta na hayakuja. Kilichokuja ni siku ile alipozinduka mkokotenini na kukuta kifua chake hakina mtoto.

"Nilimfunga kwenye kitenge chako chekundu," Faustini alisema, bila kuulizwa. "Nikalaza majani laini kwanza, ndipo nikamlaza yeye. Nililia huko, nikanawa uso mtoni ili kaka asione. Hilo sijalisahau."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Ng'washi habari ya majani. Alisimama palepale, lori likapita na kumfunika vumbi, naye hakufuta uso.

Kisha akafungua mzigo, akamtupia katambuga.

"Vua hayo mabuti ya maonyesho."

"Shemeji, hizi si za..."

"Vaa! Utatangulia. Kila mwamba tutakaoufikia utasimama, uutazame. Ukiona siyo, twende mbele."

"Na tusipoupata?"

"Tutakuwa tumemtafuta," Ng'washi alisema. "Mpaka leo hakuna aliyemtafuta. Na anaitwa Milembe. Tangu umzike hata jina lake hujalitaja."

"Milembe," Faustini alisema.

Alivaa katambuga, zikamtosha. Simu yake ikaanza kuita mfukoni, katibu anamtafuta mwenyekiti, akaizima. Akatangulia akichechemea, sura ya kaka yake mgongoni mwa fulana, na Ng'washi akamfuata nyuma huku akimsema mpaka Lusahunga.