Alama Kwenye Mstari

Uwanja wa tenisi wa klabu ya Wazungu pale Tororo ulitengenezwa kwa mikono miwili ya Adeke, na yeyote aliyetaka kubishana naye juu ya uwanja ule alikuwa anatafuta ugomvi. Alichanganya udongo wa kichuguu na mavi ya ng'ombe, akatia maji, akasiriba akirudi kinyumenyume, vile vile mama yake alivyomfundisha kusiriba uwanja wa kuanikia nafaka ya wimbi kule kwao Merikit. Wazungu walikuwa wamejaribu nyasi, zikafa. Wakajaribu changarawe, ikawachubua magoti. Ndipo wakamwita yeye, wakaziba pua, wakacheza.

Ijumaa moja ya mwaka 1956 mvua ilimchelewesha, akamalizia kusiriba alfajiri ya Jumamosi. Kwa hiyo mchezo ulipoanza, sakafu ilikuwa imekauka juu tu. Kila mpira ulioanguka uliacha alama yake, duara dogo lililo wazi kama kidole kwenye ugali.

Jumamosi hiyo alikuwa anacheza Emojong, mdogo wake Adeke, karani wa kiwanda cha kuchambulia pamba huko Busia. Alitoka huko kwa baiskeli kulipopambazuka, kaptula nyeupe imekunjwa ndani ya gazeti isishike vumbi. Mpinzani wake alikuwa Bwana Pelham, mhandisi wa barabara. Katibu wa klabu alikuwa ameahidi mbele ya watu kwamba karani huyo akishinda, uwanja utakuwa wa Waafrika kila Jumamosi, makarani na walimu na yeyote mwenye raketi. Adeke raketi hakuzijali hata kidogo. Alichotaka ni kuona mara moja tu, kabla hajafa, watu wa kwao wakiikanyaga sakafu yake bila kubeba sinia la chai.

Huko barazani Wazungu walikuwa wanabishana ni mchezaji gani duniani aliye muungwana kuliko wote. Huyu akamtaja Mwaustralia, yule akamtaja Mfaransa. Katibu, ambaye kila mwaka alitoa kikombe cha fedha kwa muungwana wa mashindano, akawakatiza. Hao wanaocheza kwa mshahara, alisema, uungwana hawaujui. Mtu akishalipwa, kinywa chake kimenunuliwa. Mpishi wa klabu alimtafsiria Adeke maneno hayo huku akicheka. Adeke hakucheka. Katika uwanja mzima aliyelipwa kwa kazi ya uwanja alikuwa yeye peke yake.

Mchezo ule haukuwa na mwamuzi. Kila mmoja alisema mwenyewe kama mpira umeanguka ndani au nje upande wake, na mwenzake akaamini. Katika seti ya kwanza mpira wa Bwana Pelham ulianguka pembeni kabisa kwa Emojong, na baraza zima likaguna kwamba umetoka. Emojong akainama, akatazama alama. "Ndani," akasema, akajinyima pointi mwenyewe. Wakampigia makofi. Adeke alijisikia kumzaba kofi kwa upumbavu huo, kisha akajikuta amevimba kwa fahari.

Ikafika pointi ya mwisho. Emojong alikuwa mbele. Akiipata hiyo, kwisha. Akaupiga mpira wa chinichini, mrefu, ukamwacha Bwana Pelham amenyoosha mkono bure. Ukagusa mstari. Adeke alikuwa amechuchumaa hatua nne kutoka pale na kopo lake la chokaa, na vumbi jeupe aliliona likiruka.

"Nje!" akasema Bwana Pelham.

"Ndani!" Adeke alikuwa amesimama kabla hajajua. "Ndani, Bwana! Alama iko hapa, imekula chokaa! Kuja angalia!"

"Wewe mama, nyamaza!" Katibu alipiga kelele kutoka barazani. "Hii hapana kazi yako."

Emojong alikuja mpaka kwenye wavu. Akaitazama alama, na Adeke akamwona akiiona. Akameza mate. Kisha akatikisa kichwa kukubali, akarudi mahali pake. Baada ya hapo mikono yake ilikuwa ya mtu mwingine, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshindwa.

Katibu akasimama na kikombe. Muungwana wa mwaka huu, akatangaza, ni karani wetu kutoka Busia, mtu anayejua kushindwa. Emojong akakipokea kwa mikono miwili, akasema asante. Bwana Pelham ndiye aliyepiga makofi kuliko wote.

"Wewe mama," Katibu akamwita. "Memsabu zetu nataka kucheza sasa. Pangusa alama yote."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kati ya mchezo na mchezo, kufuta alama kwa kitambaa kibichi na kurudia mistari kwa chokaa. Akafuta. Alianza upande wa mbali, akafuta kila duara la kila mpira, bila haraka, mpaka ikabaki moja. Hapo akaweka kitambaa chini. Akachovya kidole kwenye kopo, akaijaza alama ile chokaa, taratibu, mpaka ukingoni. Duara jeupe likakaa pale limeupanda mstari, hata aliyekaa mwisho wa baraza akaliona.

"Nimemaliza, Bwana," akasema. "Na kazi pia nimemaliza." Akaondoka kabla hawajapata nafasi ya kumfukuza.

Emojong alimfikia kwenye njia ya Merikit, akisukuma baiskeli.

"Dada, kikombe nimekiacha."

"Umekiacha wapi?"

"Juu ya ile alama. Nimekiweka pale wote wakiona, nikatoka."

"Na mdomo wako ulikuwa wapi wakati ule?" Adeke alisimama katikati ya njia. "Mimi msiriba mavi nimesema. Wewe uliyesoma, unasema asante! Jumamosi zetu umezimeza pamoja na mate!"

"Ningebisha, wangesema Mwafrika hajui kushindwa."

"Sasa wamesema unajua. Umefurahi?"

Emojong akainamia usukani wa baiskeli.

"Kikombe hakina mdomo," Adeke akasema. "Sema wewe. Lile neno ulilomeza, liseme."

"Hapa? Nani atasikia?"

"Mimi."

Emojong akaiachia baiskeli, ikaanguka kwenye nyasi. Akageuka kuelekea Tororo, akavuta pumzi. "Ndani!" akapiga kelele, na mbuzi waliokuwa wakila kando ya njia wakakimbia. "Ulikuwa ndani!"

"Umechelewa," Adeke akasema, akijifuta macho kwa mkono uliojaa chokaa. "Sema tena."