Pikapu Nyeupe ya Darajani

Simu zilikusanywa kwenye kikapu kabla hawajapanda jukwaani. Ndivyo ilivyokuwa kila mkutano: wanaokaa nyuma ya mgombea hawashiki simu, maana ukiinamia simu yako wakati yeye anahutubia, nchi nzima inakuona kwenye televisheni ukiwa umechoshwa naye. Verna Lindqvist alitumbukiza yake, akaiona ikizama chini ya simu za wenzake.

"Bi Verna, mbona umepauka hivyo?" aliuliza Kelsey, binti wa kampeni aliyekuwa akiwapanga watu vitini. "Kunywa maji kwanza. Halafu kumbuka, ukisikia 'daraja' unasimama. Ukisikia 'pikapu nyeupe'..."

"Naziba mdomo kwa mkono. Najua, mwanangu. Kazi yangu hiyo tangu Agosti."

"Na leo ndiyo mwisho! Jumanne watu wanapiga kura, wewe unarudi kwenye basi lako unapumzika."

Verna alijaribu kucheka, midomo ikakataa. Alikuwa na jambo alilotaka kulifanya leo, na hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Alikuwa dereva wa basi la shule huko Halvor, mji mdogo wa Wisconsin ambako wakati wa baridi barabara hugeuka kioo. Februari ya mwaka huo basi lilimteleza darajani, likavunja kingo na kuning'iniza pua juu ya mto, watoto wakilia nyuma yake. Hakukuwa na mtu wa kulaumiwa. Ilikuwa barafu tu. Na mtu wa kwanza kufika alikuwa jirani yake, Orrin Tveit, mzee mjane mwenye pikapu nyeupe, aliyekuwa akija nyuma yao kwa mwendo wake wa kinyonga. Alifunga mnyororo kwenye mkia wa basi, akaufunga na pikapu yake, akafungua mlango wa nyuma, akachungulia ndani na kuuliza, "Haya, nani amekwama hapa?" Aliuliza kwa sauti ya mtu aliyekuja kunywa chai, hata watoto wawili watatu wakacheka katikati ya kilio. Akawatoa mmoja mmoja, Verna akiwa wa mwisho.

Polisi walipofika, Orrin alishaondoka. "Usinitaje, jirani," alimwambia Verna jioni yake. "Sitaki watu wa magazeti wanikanyagie bustani." Verna akamtunzia siri. Orrin ndivyo alivyo. Gari likisimama mbele ya nyumba yake wakati wa theluji, yeye huchukua mnyororo na kutoka, hajali ni la nani. Uwanja wa Verna huusafisha theluji kwa pikapu hiyo kabla mwenyewe hajaamka, na Verna humwachia pai ya tufaha barazani. Katika miaka yote ya ujirani wao hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake asante.

Mwezi wa Mei Royce Haldane, aliyekuwa akigombea useneta, alikuja Halvor kula samaki wa Ijumaa na wenyeji katika ukumbi wa kanisa. Verna akamsimulia kisa cha darajani na mwenye pikapu nyeupe aliyewaokoa, bila kumtaja jina. Haldane akamshika mkono, machozi yakamlengalenga, akamwomba aje akisimulie mkutanoni. Na Verna alipenda, tusifiche. Watu wasiomjua walimkumbatia. Dada yake, ambaye kwa miaka alikuwa akimsikiliza huku anaosha vyombo, sasa alimpigia simu kila Jumapili. Kichwa kilimvimba kidogo.

Kisha Haldane akaanza kukisimulia yeye mwenyewe, na kutia chumvi. Mwezi wa Julai pikapu nyeupe ilikuwa imelikaribia basi mno. Agosti ilikuwa ikilifukuza. Septemba dereva alikuwa ameficha uso, tena ametumwa na "wale" wasiotaka watoto wetu wafike salama. Wale ni kina nani, hakusema. Kila msikilizaji alijaza mwenyewe. Na umati ukajifunza kuitikia. Haldane akitaja pikapu nyeupe, watu maelfu hunguruma, "Yuko wapi? Yuko wapi?" huku wakipiga miguu sakafuni.

Siku moja Verna alimfuata nyuma ya pazia. "Mheshimiwa, hakuna aliyenifukuza mimi. Ilikuwa barafu."

"Verna, mama yangu," alisema Haldane akimpigapiga bega, "barafu haigombei kiti. Nani atatoka kwake na baridi hii aje kupiga kura dhidi ya barafu?" Akacheka. Na Verna, Mungu amsamehe, akacheka naye.

Kicheko hicho kilimkauka Oktoba. Fundi bomba mmoja wa wilaya ya jirani alizingirwa kwenye kituo cha mafuta, vioo vya gari lake vikavunjwa na yeye mwenyewe akavunjwa taya. Kosa lake lilikuwa rangi ya gari. Usiku huo Verna hakupata lepe la usingizi. Asubuhi alivuka ua mbio akiwa na ndara miguuni.

"Orrin, ingiza gari ghalani. Au lipake rangi."

"Nilipake rangi? Gari lina umri wa binti yangu, sasa nilivishe gauni jipya?"

"Sitanii!"

"Nami nikilificha, theluji yako nitaisukuma kwa kijiko?" Kisha akamtazama vizuri. "Jirani, wewe si uliwaambia ilivyokuwa?"

Verna aligeuka akarudi kwake na ndara zake, na aibu ile ndiyo iliyomleta leo. Leo angeusema ukweli, tena kwa jina, ili watu wajue kwamba mwenye pikapu nyeupe ni mwokozi na wamwache mzee wa watu aishi. Ahadi ya kutomtaja angeivunja. Orrin angenuna wiki moja, basi.

Ukumbi ulikuwa ule wa kuchezea mpira wa magongo kwenye barafu, umefunikwa mbao, na umejaa hadi milangoni. Haldane alihutubia kwa sauti ya chini kwanza, kama babu anayewaambia wajukuu jambo la kuogofya. Akafika darajani. Verna akasimama. Akafika kwenye pikapu nyeupe, na sakafu ikaanza kutetemeka.

"Yuko wapi? Yuko wapi?"

Mkono wa Verna haukwenda mdomoni. Alitoka kwenye safu yake, akamwendea Haldane. Haldane alishangaa, lakini mbele ya kamera hakuna mgombea anayemfukuza mama wa watu. Akampa kipaza sauti.

"Rafiki zangu," Verna alisema, na sauti yake ikamrudia kutoka kila pembe ya ukumbi. "Nataka kuwaambia juu ya mwenye pikapu nyeupe."

"Yuko wapi? Yuko wapi?"

"Anaitwa Orrin Tveit. Ni jirani yangu, hapo Halvor, na yeye ndiye..."

Maneno mengine aliyasema. Aliyasema yote: mnyororo, mlango wa nyuma, watoto wakitolewa mmoja mmoja. Aliyasema mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, lakini hakuyasikia hata yeye. Jina lilipotoka ukumbi ulilipuka. Miezi yote wale watu walikuwa wameuliza swali, na sasa walikuwa wamejibiwa. Waliruka juu ya viti. Mwanamke wa safu ya mbele, mwenye uso wa upole kabisa, alikuwa akilia kwa furaha huku akiandika kwenye simu yake kwa vidole viwili. Verna aliona simu nyingine ikiinuliwa, na nyingine, na nyingine.

"Hapana! Sikilizeni! Ndiye aliyetuokoa!"

Alimgeukia Haldane. Haldane alikuwa amesimama karibu, alikuwa amesikia kila neno. Kwa muda mfupi uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona gari likiteleza na hana la kushika. Angeweza kuwanyamazisha. Alikuwa mtu pekee katika ukumbi ule aliyeweza. Kisha akautazama umati ulivyokuwa ukimshangilia, akachukua kipaza sauti taratibu mkononi mwa Verna.

"Mmemsikia mama huyu," alisema. "Ujasiri ulioje!"

Wakamrudisha kitini. Vijana wawili wa usalama walisimama ubavuni mwake, wenye adabu sana, na kila aliponyanyuka walimwambia, "Bado kidogo, mama." Hotuba ikaendelea. Ikaja bendi, zikaja puto, akaja mchungaji kuomba dua. Kamera zilipozimwa ndipo alipopenya hadi kwenye kikapu, akazimwaga simu zote chini na kuitafuta yake kwa magoti.

"Bi Verna, ulikuwa moto!" Kelsey alipiga kelele. "Umesambaa kila mahali! Watu wameshaipata nyumba, kuna picha ya geti na..." Verna alikuwa ameshampigia Orrin.

Simu iliita mara nyingi. Verna aliiomba ipokewe, akaiomba isipokewe, akaomba Orrin awe amekwenda kwa binti yake.

"Jirani!" Sauti ya Orrin ilikuwa ya furaha. Hakuwa na televisheni. Aliiuza mkewe alipofariki. "Theluji ya kwanza imeshuka huku, umeikosa."

"Orrin, funga mlango. Zima taa. Piga simu polisi."

"Ngoja, sikusikii vizuri, kuna kelele hapa nje. Magari, chungu nzima. Yamesimama toka kwenye geti langu mpaka kwako."

"Usitoke! Orrin, nimekosa, nimekutaja! Usitoke!"

"Wameteleza hao, maskini. Watu wa mjini, matairi yao ya kiangazi. Ngoja nichukue mnyororo, nakuja sasa hivi."

Alisikia simu ikiwekwa mezani. Haikukatwa. Verna aliita jina lake kwa nguvu zake zote, wafanyakazi wa ukumbi wakageuka kumtazama. Alisikia mnyororo ukiburutwa sakafuni. Alisikia mlango ukifunguliwa, na ile ngurumo aliyoizoea tangu Agosti, ya watu wanaopiga miguu, safari hii juu ya theluji.

Kisha akamsikia Orrin, kwa mbali, kwa sauti yake ya mtu aliyekuja kunywa chai.

"Haya, nani amekwama hapa?"